Kompyuta za mitumba: bei imo kwenye kadi ya picha

MFANYABIASHARA wa Ibaba anayeshuka hadi Tunduma kutafuta kompyuta iliyotumika huuliza bei, ukubwa wa diski, ukubwa wa RAM na kama betri bado inakaa na chaji. Akiridhika hulipa, huandikiwa risiti na kupanda gari la kurudi Ileje. Swali moja hubaki mezani kwa muuzaji bila kuulizwa, nalo ndilo litakaloamua kama mashine hiyo itarudisha fedha iliyoinunua: ndani yake mna kadi ya picha ya kampuni gani, na draiva yake bado inatunzwa na mtu?

Miaka michache iliyopita swali hilo lingeweza kuachiwa mafundi. Tangu Oktoba 14, 2025 ni swali la mtaji. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 iliyochukua nafasi yake haikubali rasmi mashine yenye prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017, wala mashine isiyo na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Watumiaji binafsi waliongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, tena kwa masharti. Tafsiri yake kibiashara ni kwamba kompyuta za miaka ya 2012 hadi 2016, ambazo ndizo mfuko wa mwenye duka dogo huzifikia, zimepoteza mtunzaji ingawa vyuma vyake ni vizima. Ofisi za Ulaya na Marekani zina kila sababu ya kuziondoa, na mashine ikiondolewa huko si lazima ife. Nyingine hupanda meli na kuja kutafuta mnunuzi wa pili.

Mwenye mashine ya aina hiyo ana njia tatu. Anaweza kuendelea na Windows 10 bila ulinzi, jambo ambalo kwa duka linalopokea flashi za wateja kutwa nzima ni sawa na kulala mlango wazi. Anaweza kununua mashine mpya, kama benki au kikundi chake kitamkopesha. Au anaweza kuweka mfumo wa uendeshaji wa programu huria, kama vile Debian, Linux Mint au Ubuntu, usiodai leseni wala ada ya mwaka. Njia hiyo ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kwa biashara ya kiwango cha Ibaba. Ina tundu moja tu, na tundu hilo lipo kwenye kadi ya picha.

Wakazi wa mpakani hawahitaji mhandisi awaeleze draiva ni nini. Ni wakala wa forodha. Lori lina mzigo, mpaka una sheria zake, na kati ya viwili hivyo lazima awepo mtu anayejua karatasi zinazotakiwa leo, siyo zilizotakiwa mwaka juzi. Kadi ya picha ndilo lori. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ndicho kituo cha mpaka. Kila kerneli mpya inapoingia, baadhi ya fomu hubadilika. Wakala aliyejifunza fomu mpya hupitisha mzigo na picha ikaonekana kwenye kioo. Asiyejifunza huliacha lori limelala nje, na mwenye duka huamkia kioo cheusi.

Kwa kadi za Intel na AMD wakala huyo ameajiriwa ndani ya kituo. Sehemu moja ya draiva zake imo ndani ya kerneli yenyewe, na sehemu ya pili imo katika mkusanyiko wa programu huria uitwao Mesa, ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. Anayebadilisha fomu ya mpaka hulazimika kumrekebishia na wakala, kwa kuwa wote wamo kwenye daftari moja. Mwenye duka anaposasisha mfumo wake, draiva huja humo humo pamoja na vifurushi vingine. Hana cha kutafuta pembeni wala cha kupakua kwa jina. Tangu mwaka 2019 wafanyabiashara wa Tunduma na Nakonde wameshaona tofauti kati ya kituo kimoja cha pamoja na vituo viwili vinavyotazamana; tofauti iliyopo hapa ni ya namna hiyo.

Kwa kadi za NVIDIA mambo yalikwenda kinyume kwa miaka mingi. Wakala ana ofisi yake huko Santa Clara, California, na funguo zote anazo yeye. Draiva yake ilikuwa imefungwa, hivyo mtu wa nje hakuweza kuirekebisha hata kama aliona kosa kwa macho yake. Mwaka 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliitolea kampuni hiyo tusi hadharani mbele ya hadhira ya chuo kikuu nchini Finland kwa sababu ya jinsi ilivyokuwa ngumu kushirikiana na watu wa Linux. (Tusi lenyewe halifai kuchapishwa katika ukurasa wa biashara.) Mei 2022 NVIDIA ilifungua sehemu ya draiva inayokaa upande wa kerneli, lakini kwa kadi za kuanzia kizazi cha Turing cha mwaka 2018 tu. Kadi za zamani, ambazo ndizo zinazoangukia mikononi mwa mnunuzi wa mitumba, zilibaki nje ya mlango.

Hapo ndipo mwekezaji mdogo anapotakiwa kutoa kalamu. NVIDIA huzipanga draiva zake kwa namba, na kila namba ina siku yake ya kustaafishwa. Draiva ya 340, iliyohudumia kadi kongwe kama GeForce 8 na GeForce 9, iliachwa mwisho wa mwaka 2019. Ya 390, iliyokuwa ya kizazi cha Fermi, yaani hasa GeForce 400 na 500, iliachwa mwisho wa 2022. Ya 470, ambayo ndiyo ya mwisho kwa kizazi cha Kepler chenye kadi nyingi za GeForce 600 na 700, ilifikia kikomo mwaka 2024. Mwaka 2025 ikatangazwa kuwa ya 580 ndiyo ya mwisho kwa vizazi vya Maxwell na Pascal, yaani hasa GeForce 900 na GeForce 1000. Namba 590 ilipotoka mwishoni mwa mwaka huo, kadi hizo hazikuwemo. Watumiaji wa Arch Linux, mfumo ambao vifurushi vyake husasishwa mfululizo bila kungoja toleo jipya, walitahadharishwa Desemba 2025 kwamba mwenye kadi hizo akisasisha bila kwanza kubadili kifurushi cha draiva kwa mkono wake, anaweza kukosa picha kabisa.

Aidha, draiva iliyoachwa haifi siku hiyo hiyo, na hapo ndipo mtego wake ulipo. Huendelea kufanya kazi vizuri na kerneli iliyoizoea. Draiva hiyo iliyofungwa kwa kawaida huunganishwa upya ndani ya mashine ya mteja kila kerneli mpya inapowekwa. Ikishindwa kuunganishwa, kwa sababu fomu zimebadilika na hakuna aliyeirekebisha, onyo la mistari michache hupita kwenye kioo na vifurushi vingine hukamilika kwa amani. Mashine huendelea kutumika kama kawaida kwa kuwa bado inatembea na kerneli ya zamani. Kasoro huonekana siku itakapozimwa na kuwashwa tena, pengine wiki nzima baadaye. Umeme ukikatika usiku, asubuhi kioo ni cheusi, na mwenye duka huapa kwamba umeme ndio umeunguza kompyuta. Akimpelekea fundi asiyeijua Linux, ataambiwa hivyo hivyo, na huenda akauziwa kadi nyingine.

Mfano uchukuliwe wa steshenari pale Ibaba yenye kompyuta moja, printa na mashine ya kutoa kopi. Kazi zake zinajulikana: kuchapa barua na mihutasari ya vikao, picha za pasipoti, kadi za harusi, maombi ya TIN, usajili wa jina la biashara BRELA, maombi ya mikopo ya elimu ya juu, maombi ya kazi serikalini. Msimu wa kahawa ukifika, chama cha msingi nacho kina orodha zake za kuchapwa, na wakulima waliolipwa wana mambo yao yaliyokuwa yakingoja fedha. Miezi hiyo ndiyo hulipa kodi ya fremu ya miezi mingine.

Ichukuliwe kwamba mwenye steshenari hiyo alikuta kompyuta mbili mezani. Ya kwanza ni ya ofisi, ya rangi ya kijivu, haina mbwembwe, picha yake inatoka kwenye prosesa ya Intel. Ya pili ina kadi ya NVIDIA ya miaka kumi iliyopita, na muuzaji anaisifu kuwa ni ya "gemu". Ichukuliwe pia kwamba ya pili imepunguzwa bei kwa shilingi 50,000, na kwamba duka huingiza shilingi 30,000 kwa siku ya kawaida. Kioo kikiwa cheusi kwa siku mbili, punguzo lote limekwisha na shilingi 10,000 juu yake, kabla ya nauli ya kupeleka mashine Tunduma na kuirudisha, kabla ya ujira wa fundi. Wakati wa mvua, barabara za milimani zikiwa tope, siku mbili huweza kuwa nne. Mteja aliyelipia maombi yenye siku ya mwisho hangoji. Hushuka Itumba, na akishazoea kushuka Itumba harudi kwa urahisi. Hasara hiyo ya mwisho haina mstari katika daftari lolote.

Upo mfano wa upande wa pili unaostahili kutazamwa, kwa kuwa Intel nayo ina kadi zilizozeeka. Mapema mwaka 2022 waandaaji wa Mesa waliondoa katika toleo la 22.0 draiva kadhaa za kale, ikiwemo iliyokuwa ikihudumia picha za Intel za miaka mingi nyuma. Kwa hesabu ya kampuni iliyofungwa, hapo ndipo zingekuwa zimezikwa. Lakini daftari lilikuwa wazi. Mwaka 2021 Dave Airlie, mhandisi wa kampuni ya Red Hat na wala si wa Intel, alikuwa amekwisha kuingiza katika Mesa draiva mpya kwa ajili ya mashine hizo hizo, iitwayo Crocus. Mwenye laptopu yenye Intel HD Graphics 4000 ya mwaka 2012 alisasisha mfumo wake, akapata draiva nyingine kabisa chini ya kioo kile kile, na pengine hakujua. Kadi za AMD za Radeon HD 7000, nazo za kuanzia 2012, zina draiva hai hadi leo kwa sababu hiyo hiyo. Mashine isiyo na mwenyewe mmoja hupata watunzaji wengi.

Kwa mantiki hiyo soko linakosea linapoipanga bei. Kadi ya ziada ya NVIDIA huhesabiwa kama nyongeza ya thamani kwa sababu ni kitu kinachoshikika na kina feni yake. Kwa anayekusudia kuweka programu huria, kadi ya zamani ya aina hiyo ni punguzo la thamani, na mnunuzi ana haki ya kuitaka bei ishuke kwa ajili yake. Mashine ya ofisi yenye picha za Intel, inayodharauliwa kwa kuwa haina kadi, ndiyo ingepaswa kushika bei.

Wapo wanaoihitaji nguvu ya kadi kweli. Mpiga video wa harusi anayehariri saa nzima za picha hawezi kuambiwa atosheke na picha za prosesa. Huyo anunue AMD, au akitaka NVIDIA asishuke chini ya Turing, yaani GeForce GTX 1650 au 1660 na kuendelea, ajue kwamba analipia zaidi ili kununua miaka. Mwenye kibanda umiza hayumo katika kundi hilo. Kuonyesha mpira kwenye televisheni kubwa au projekta ni kazi ambayo picha za Intel za miaka kumi iliyopita huimudu.

Je, aliyekwisha kununua afanye nini? Kama ni kompyuta ya mezani na prosesa yake ina picha zake yenyewe, kama zilivyo Core i3 na i5 nyingi za ofisi, dawa ni bisibisi. Kadi ya NVIDIA ichomolewe, waya wa kioo uhamishiwe kwenye tundu la ubao mkuu, na kadi iuzwe kwa kijana anayecheza gemu kwenye Windows. Kama ni laptopu, kadi haitoki. Lakini yapo matoleo mengi yenye picha za aina mbili ndani yake, na kazi za ofisi hutosheka na zile za Intel.

Asiye na nafasi hiyo bado ana Nouveau, draiva ya wazi ya kadi za NVIDIA iliyoandikwa na watu wa nje, kwa miaka mingi bila kusaidiwa na kampuni. Huendesha kadi nyingi taratibu, hasa za kuanzia GeForce 900, kwa kuwa kufuli la kuongeza kasi lilibaki kwa NVIDIA. Hata hivyo huchapa barua, hufungua tovuti na huonyesha picha za pasipoti, na husasishwa pamoja na kerneli. Duka la kuchapa lisilo na haja ya kasi halina sababu ya kuweka draiva iliyofungwa hata siku ya kwanza. Mafundi wengi huiweka kwa sababu mfumo wenyewe huipendekeza, na mteja hufurahi kuona neno NVIDIA.

Na siku kioo kitakapokuwa cheusi, hatua ya kwanza isiwe kupiga simu Tunduma. Ubuntu, Debian na Mint huacha kerneli ya awali ndani ya mashine. Kitufe cha Shift au Esc kikibonyezwa wakati wa kuwasha, orodha hujitokeza. Mstari wake wa pili hufungua kerneli zilizopo, na iliyotangulia ikichaguliwa, kwa kawaida picha hurudi na duka likafunguliwa. Matengenezo yanaweza kusubiri jioni. Ni jambo la dakika tano, na ajabu yake ni kwamba mafundi hulitoza fedha.

Wapo wanaoshauri njia fupi, kwamba mfumo ukishakaa sawa usisasishwe tena kamwe. Ushauri huo unatolewa kwa nia njema na unapata wasikilizaji, hasa kwa aliyewahi kuamkia kioo cheusi. Lakini biashara inayoingia kila siku kwenye tovuti za TRA, benki na mikopo, kwa kutumia nywila za wateja, haiwezi kukaa na kivinjari cha miaka mitatu iliyopita. Tovuti zenyewe hatimaye humkataa mwenye kivinjari cha kale. Kinachofaa ni kutenganisha. Kivinjari na marekebisho ya usalama yaingie kila wiki. Kerneli na draiva ya picha ziingie siku iliyochaguliwa na mwenye duka. Kwenye Debian na Ubuntu ipo amri ya kushikilia kifurushi kisisasishwe hadi kitakapoachiwa, na fundi yeyote anayejiita fundi wa Linux anaijua. Kushikilia kuwe kwa wiki chache, siyo kwa miaka, kwani kerneli nayo ina matundu ya usalama yanayozibwa.

Uchaguzi wa mfumo wenyewe una uzito hapa kuliko rangi na sura yake. Ubuntu, jina ambalo Mswahili angelitamka utu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na ndiyo inayojulikana zaidi. Matoleo yake ya muda mrefu hutunzwa kwa miaka mitano, lakini kwenye kompyuta za mezani huwa inaleta kerneli mpya kabisa katikati ya maisha ya toleo, na kila kerneli mpya ni mtihani mpya kwa draiva iliyofungwa. Debian hubaki na mfululizo ule ule wa kerneli tangu toleo linapotoka hadi linapostaafu, ikizibwa matundu tu. Kwa duka lenye kompyuta moja mbali na fundi, uzito huo wa kutobadilika ni faida. Toleo lake la 13 lilitoka Agosti 2025. Tahadhari moja kwa wenye mashine kongwe mno: toleo hilo halisakinishwi tena kwenye kompyuta za biti 32.

Siku ya kusasisha ichaguliwe kama siku ya kufunga duka kwa ajili ya kuhesabu mali. Isiwe Jumamosi. Isiwe karibu na tarehe 20, ambayo ni mwisho wa ritani za VAT, wala wiki za mwisho za dirisha la mikopo ya wanafunzi. Isiwe msimu wa kahawa. Inafaa iwe asubuhi ya siku iliyopoa, mapema, ili likitokea la kutokea mchana wote upo. Mashine iwashwe upya pale pale baada ya kusasisha, ili kasoro ijitokeze mbele ya mwenyewe na siyo usiku wa kukatika umeme. Linux Mint huja na programu ya Timeshift inayohifadhi hali ya mfumo kabla ya mabadiliko na kuirudisha baadaye. Asiyeiwasha amekubali hatari bila sababu.

Gharama ya bando nayo ihesabiwe. Faili la draiva ya NVIDIA peke yake huzidi megabaiti 300, na hurudi tena kila namba mpya inapotoka. Mwenye picha za Intel halijui gharama hilo.

Taifa lina kumbukumbu yake katika jambo hili. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya hesabu za Serikali kuleta vurugu na gharama kubwa. Uamuzi ule huelezwa mara nyingi kama woga wa teknolojia. Ukitazamwa kwa jicho la biashara, mashine ilifika kabla ya watu wa kuitunza, na waliojua undani wake walikuwa ng'ambo. Miaka 30 baadaye, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa kuwa ilikuwa programu huria, na aliyetaka kuifungua hakuomba ruhusa. Hali ya draiva ni hiyo hiyo, ila yenyewe haionekani.

Si kila biashara ihame kesho. Mwenye programu ya mauzo au ya risiti iliyotengenezwa kwa Windows pekee aijaribu kwanza, au abaki na mashine moja ya Windows kwa kazi hiyo. Printa nazo zijaribiwe kabla ya kulipia. Haya ni mambo ya mchana mmoja.

Suala linawahusu zaidi wanaokopesha. Vikundi vya VICOBA, na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyopata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, vinapoidhinisha fedha ya kompyuta hutazama proforma. Proforma nyingi huandika "Kompyuta 1, imetumika, nzima" na bei. Hiyo ni dhamana ya mkopo isiyo na maelezo. Kikundi kina haki ya kudai mstari wa ziada wenye aina na mwaka wa prosesa, na jina kamili la kadi ya picha na namba yake, kama kinavyodai namba ya chesesi kwa pikipiki.

Muuzaji asipoijua kadi yake, ipo njia ya kuijua palepale mezani. Linux Mint huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi ya gigabaiti 8 bila kugusa diski ya kompyuta. Mashine ikiwaka, ukurasa wa taarifa za mfumo huonyesha jina la kadi. Likisomeka Intel au AMD Radeon, mazungumzo ya bei yaendelee. Likianza na herufi NV, ni Nouveau inayoibeba kadi ya NVIDIA, na mnunuzi aombe namba ya kadi ailinganishe na zile zilizoachwa. Likisomeka llvmpipe, hakuna draiva iliyokubali kazi na prosesa inachora picha yenyewe kwa tabu. Bei ishuke sana au mnunuzi ahamie meza ya pili. Zoezi zima halimalizi robo saa, na flashi yenyewe irudi Ibaba pamoja na kompyuta, kwani ndiyo itakayoiwasha siku diski au draiva itakapogoma.